Sauti Inayovuka Okestra: Anachofundisha Mwalimu wa Uimbaji wa Opera

Mjini Lubumbashi ni vigumu kumpata mwanakwaya ambaye hajawahi kukatikiwa na umeme katikati ya misa. Kinanda kinanyamaza, spika zinazimika, na kanisa zima linabaki na sauti za watu peke yake. Jumapili moja, katika parokia moja ya Katuba, nilikuwa nimeketi kwenye mabenchi ya nyuma jambo hilo lilipotokea. Waimbaji karibu arobaini waliendelea na wimbo wao, lakini wengi walikuwa wamezoea kubebwa na vipaza sauti, kwa hiyo waliongeza nguvu kooni, na kadiri walivyozidi kukaza ndivyo sauti zao zilivyozidi kuishia pale pale karibu na altare. Sauti moja tu, ya mama aliyesimama safu ya pili, ilinifikia nyuma ikiwa kamili, na uso wake haukuonyesha dalili yoyote ya kujilazimisha. Baada ya misa, jirani yangu wa benchi aliniambia kwamba mama yule amejaliwa mapafu makubwa. Maelezo hayo nimeyasikia mara nyingi, na kwa kuwa kazi yangu ni kuimba opera na kufundisha sauti, naona nina wajibu wa kueleza kwa nini hayatoshi.

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa. Ilizaliwa Florence, Italia, mwishoni mwa karne ya 16, na mwaka 1637 mji wa Venice ukafungua ukumbi wa kwanza wa opera ambao mtu yeyote mwenye pesa ya kiingilio aliweza kuingia. Kumbi zilikua, okestra zikakua pamoja nazo, na kufikia karne ya 19 mwimbaji mmoja alitakiwa kusikika juu ya ala sitini au themanini, mbele ya watu elfu mbili au zaidi, katika zama ambazo kipaza sauti hakijabuniwa. Hata leo, katika kumbi kubwa za opera, desturi ni kuimba bila chombo hicho. Mbinu zote tunazofundisha zimetokana na swali hilo moja: sauti ya mtu mmoja itapitaje? Mwanafunzi mpya karibu kila mara hujibu kwamba itapita kwa nguvu. Lakini hakuna kifua cha mtu kinachoweza kushindana kwa nguvu na tarumbeta sita na ngoma kubwa. Sauti ya opera hupita kwa kutumia njia ambayo okestra imeiacha wazi.

Ili jambo hilo lieleweke, ni lazima tuanzie kooni. Sauti huzaliwa ndani ya zoloto, kile kifuko cha gegedu ambacho kwa mwanamume huonekana kikipanda na kushuka anapomeza mate. Ndani yake mna kile tunachokiita nyuzi za sauti, ingawa neno nyuzi linawapotosha wengi, kwa sababu si nyuzi kama za gitaa. Ni mikunjo miwili midogo ya misuli iliyofunikwa na utando laini wenye unyevunyevu, yenye urefu wa takribani milimita 12 hadi 17 kwa mwanamke na 17 hadi 25 kwa mwanamume. Hewa inayopanda kutoka mapafuni huikuta mikunjo hiyo imekaribiana, huitenganisha, nayo hurudi kukutana, na tendo hilo hurudiwa mara nyingi mno katika sekunde moja. Noti ya la ambayo okestra huitumia kulinganisha ala zake ni mitetemo 440 kwa sekunde. Do ya juu ya tenori, yaani mwanamume mwenye sauti ya juu, ile ambayo ukumbi mzima huisubiri kwa pumzi iliyozuiwa, ni karibu 523, na do ya juu ya soprano, yaani mwanamke mwenye sauti ya juu, ni mara mbili ya hapo, yaani zaidi ya elfu moja. Ukishatafakari kwamba vijinyama viwili vyenye urefu unaokaribia ule wa ukucha wa kidole gumba vinagongana mara elfu moja kwa sekunde, hutamwambia tena mwanafunzi akaze koo.

Kinachotoka kwenye mikunjo hiyo peke yake bado si wimbo, ni mvumo mwembamba unaofanana na wa nyuki. Hata hivyo, mvumo huo una utajiri uliofichika. Mtu akiimba noti yenye mitetemo 220, ndani yake mna pia mlio wa 440, wa 660, wa 880, na kuendelea hivyo hadi elfu kadhaa, yote ikisikika kwa pamoja kama sauti moja. Juu ya zoloto kuna njia inayopita kooni na kinywani hadi midomoni, ambayo kwa mwanamume mzima ina urefu wa sentimita 17 hivi, na njia hiyo ndiyo inayochagua milio ipi ikuzwe na ipi ifishwe. Tunapobadilisha umbo la njia hiyo kwa ulimi, taya na midomo, mvumo ule ule unageuka kuwa a, au i, au u. Kwa maneno mengine, irabu ni umbo la chumba ambamo mvumo umepitishwa.

Sasa tufike kwenye fumbo lenyewe. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Sweden aitwaye Johan Sundberg alipima sauti za waimbaji wa opera akazilinganisha na sauti ya okestra nzima. Aligundua kwamba nguvu kubwa ya okestra hukusanyika chini, karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, kisha hupungua haraka kadiri mitetemo inavyoongezeka. Mwimbaji wa opera naye ana nguvu nyingi huko chini kama watu wote, lakini ana kilima kingine cha pili, karibu na mitetemo 3,000, ambacho hakionekani katika mazungumzo ya kawaida. Mahali hapo okestra ni dhaifu. Tena ni mahali ambapo sikio la binadamu ni jepesi mno kusikia, kwa sababu umbo la tundu la sikio lenyewe hukuza milio ya eneo hilo. Mwimbaji aliyejifunza kukusanya sehemu ya sauti yake pale hahitaji kuishinda okestra, kwa sababu hawakutani njia moja.

Yeyote aliyewahi kusimama kwenye kituo cha mabasi madogo hapa Lubumbashi amekwisha kuusikia mfano wa jambo hili. Injini zinanguruma, honi zinalia, watu mamia wanazungumza, lakini mpokea nauli anayeita abiria wa mitaa ya Kenya au Ruashi husikika hadi ng'ambo ya barabara. Yeye hana mapafu makubwa kuliko dereva. Amevumbua tu, kwa kulazimishwa na kazi, mlio mkali unaopita juu ya mngurumo. Tofauti yake na mwimbaji wa opera ni gharama. Mpokea nauli anaupata mlio huo kwa kubana koo na kuliinua zoloto, na jioni sauti yake imekwaruza. Mwimbaji anaupata kwa njia iliyo karibu kinyume chake: zoloto limetulia chini kidogo, koo limepanuka kama mtu anayeanza kupiga mwayo, na ni kijinjia kifupi tu kilicho juu tu ya mikunjo ya sauti kinachobaki chembamba. Uembamba huo ukiwa chini ya upana huo ndio unaozaa kile kilima cha mitetemo 3,000. Waitaliano wa zamani, ambao hawakuwa na chombo chochote cha kupimia, waliitambua hali hiyo kwa masikio tu na wakasema sauti nzuri ina mwanga na giza kwa pamoja.

Hapa ndipo tunapofikia kile ninachokiona kuwa chanzo kikubwa cha mkanganyiko katika ufundishaji wa sauti, nacho ni lugha. Mpiga gitaa huona vidole vyake. Mwimbaji haoni chombo chake, hakigusi, na sehemu kubwa ya chombo hicho hana hisia nayo. Kwa hiyo walimu wamelazimika kusema kwa picha. Imba kwa tumbo. Weka sauti kwenye paji la uso. Kunywa sauti badala ya kuitoa. Nimewaona vijana waliozichukua picha hizi kama maelezo ya mwili, wakasukuma tumbo mbele mpaka wakaumwa na kiuno, au wakapeleka sauti puani wakidhani ndiko paji la uso liliko. Ukweli ni kwamba hakuna sauti inayotengenezwa tumboni, wala kwenye paji la uso. Mtetemo ambao mwimbaji huuhisi kwenye mifupa ya uso ni matokeo ya sauti iliyokaa vizuri kooni. Ni alama nzuri ya kumrudisha mahali pale pale kesho yake, lakini sababu yenyewe iko kwingine. Picha ina kazi yake, mradi mwalimu ajue ni picha, na amwambie hivyo mwanafunzi wake.

Historia imetupa mfano mchungu. Manuel García, Mhispania aliyefundisha sauti mjini Paris na baadaye London, ndiye aliyefaulu mwaka 1854 kuiona mikunjo ya sauti yake mwenyewe ikifanya kazi, kwa kutumia kioo kidogo cha daktari wa meno alichokiingiza kooni na kioo kingine cha mkononi kilichoelekeza miale ya jua ndani. Mwaka uliofuata alieleza uchunguzi wake mbele ya wanasayansi wa London, na madaktari wa koo wanamheshimu hadi leo kwa kazi hiyo. Alikuwa mwalimu makini. Jenny Lind, mwimbaji kutoka Sweden, alipomjia mwaka 1841 sauti yake ikiwa imechoka kabisa, jambo la kwanza alilomwagiza lilikuwa kupumzika na kunyamaza kabla ya somo lolote. Lakini mwalimu huyo huyo alikuwa na msemo wake wa Kifaransa wa kueleza namna ya kuanza noti kwa usafi, bila hewa kuvuja, na msemo huo ulitaja pigo la koo. Waliomsoma bila kumsikia walilishika neno pigo. Walifundisha wanafunzi wao kugonga mikunjo ya sauti mwanzoni mwa kila noti, karibu na kukohoa, na García akaishi kuona maelezo yake yakilaumiwa kwa madhara ambayo hakuyakusudia. Alifariki mwaka 1906 akiwa na umri wa miaka 101, na katika uzee wake alikuwa bado anafafanua kwamba alichokitaka si kikohozi.

Katika pumzi ndiko picha hizi zinapozaa makosa mengi zaidi. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ni msuli wa kuvuta hewa ndani. Unapovuta pumzi unashuka. Unapoimba unapanda ukilegea polepole. Hauwezi kusukuma sauti, na mtu hawezi kuuamuru moja kwa moja kama anavyouamuru mkono. Kinachofundishwa na shule ya Kiitaliano huitwa appoggio, neno linalotokana na kitenzi cha kuegemea. Mwimbaji huvuta hewa kwa utulivu, mbavu zikafunguka pembeni na mgongoni, kisha wakati wa kuimba anazuia mbavu zisianguke mapema, kana kwamba bado yumo katika kuvuta pumzi, huku misuli ya tumbo ikirudi ndani kwa kipimo. Kuna mvutano mtamu kati ya kutaka kutoa na kutaka kubaki. Mafundi wa karne ya 19 waliuita pambano la sauti. Hewa inayofika kwenye mikunjo inakuwa kidogo na yenye shinikizo la kudumu, na mikunjo haihitaji zaidi ya hapo. Mwanafunzi anayejaza kifua hadi mabega yanapanda hupata hewa nyingi ambayo hana la kuifanyia isipokuwa kuizuia kwa koo, na koo lililopewa kazi ya ulinzi haliwezi kuimba.

Zoezi ninaloanza nalo halina hata noti. Mwanafunzi anatoa mlio wa sss, mwembamba na sawasawa, kwa sekunde ishirini, mkono mmoja ukiwa kwenye mbavu za chini. Baada ya hapo anaimba ndani ya mrija wa kunywea soda. Mrija unarudisha shinikizo dogo nyuma hadi kwenye mikunjo, ukaisaidia kutetema bila kugongana kwa nguvu. Wapo wanaoliona jambo hili kama mchezo wa watoto, lakini wakiondoa mrija na kuimba noti ile ile, wanakuta koo limeacha kupigana.

Sauti ya mtu pia ina madaraja, na kati ya daraja na daraja kuna mlango mwembamba ambao Waitaliano huuita passaggio. Chini, mikunjo ni mifupi na minene, nasi husema sauti ya kifua. Juu, mikunjo huvutwa ikawa mirefu na myembamba, nasi husema sauti ya kichwa, majina yote mawili yakiwa tena ni picha. Mwimbaji asiyefundishwa hubeba unene wa chini mpaka mlangoni, anapiga kelele, kisha sauti inavunjika. Tenori wa zamani waliukwepa mlango huo kwa kuimba noti za juu kwa sauti nyepesi, hadi Mfaransa Gilbert Duprez alipoishangaza Paris mwaka 1837 kwa do ya juu iliyojaa kama noti za chini, na tangu hapo wasikilizaji wakadai hivyo kwa kila tenori. Wapo wanaume wanaokwenda upande wa pili kabisa na kuukuza wepesi ule hadi ukawa sauti kamili ya ukumbini. Ndio kaunta-tenori, na nchi yetu ya Kongo ina mmoja anayejulikana Ulaya, Serge Kakudji. Kuuvuka mlango bila mshindo huchukua miaka, na sioni njia ya mkato. Ndiyo maana sipendi haraka ya baadhi ya kwaya zetu kumpachika kijana wa miaka kumi na sita kwenye besi kwa sababu tu ni mrefu.

Soprano ana taabu yake ya pekee, na hapa ningependa kuwatetea, kwa sababu hulaumiwa kwamba hawatamki. Kila irabu hutambulika kwa milio ambayo umbo la kinywa huikuza. Irabu i inahitaji kukuzwa kwa mlio wa chini ulio karibu na mitetemo 300 kwa sekunde. Soprano akiimba noti yenye mitetemo 800, ndani ya sauti yake hakuna kitu chochote chini ya 800, kwa hiyo mlio ambao ungeitambulisha i haupo kabisa. Anachofanya kwa busara ni kufungua taya ili mlio unaokuzwa na umbo la kinywa upande na kuipokea noti hiyo, na sauti inapata ukubwa bila nguvu ya ziada. Lakini taya likishafunguka hivyo, irabu zote zinaelekea kufanana na a. Neno bibi likiimbwa juu huko halitofautiki sana na baba, hata kinywani mwa fundi. Watunzi wenye uzoefu wanalijua hilo na huyaweka maneno ya maana chini, wakiziachia noti za juu kilio au furaha isiyohitaji maneno.

Kwa upande mwingine, mzungumzaji wa Kiswahili anaingia darasani akiwa na mtaji. Irabu zetu ni tano, safi, haziteleziteleza, na takribani kila silabi yetu huishia kwa irabu, jambo linalokifanya Kiitaliano kisitutishe. Wanafunzi wangu wanaokwama kwenye Kifaransa cha kuimbwa, pamoja na irabu zake za puani, huimba Kiitaliano katika wiki chache kwa matamshi ambayo hayahitaji marekebisho mengi.

Mtaji mwingine ni kwaya, ingawa huo una mtego ndani yake. Mwanakwaya mzuri hufundishwa kuichanganya sauti yake na ya jirani mpaka isitambulike. Mwimbaji wa opera hufundishwa kuwa na kilima kile cha 3,000 na mtikisiko wa asili wa mara tano hadi saba kwa sekunde, vitu viwili ambavyo katika kwaya humfanya maestro, yaani kiongozi wa kwaya, ainue kichwa kutafuta nani anaharibu. Nimepata malalamiko ya maestro kadhaa kwamba nimewaharibia sauti zao. Nawaelewa, na sasa nawafundisha wanafunzi kuwa na mavazi mawili, la Jumapili kanisani na la jukwaani, kwa sababu mwili ule ule unaweza kufanya yote mawili ukijua tofauti yake.

Kuhusu utunzaji, nitasema machache. Tangawizi, asali na yai bichi haviigusi mikunjo ya sauti, kwa kuwa tunapomeza, njia ya hewa hufungwa. Kama vingeigusa tungepaliwa. Vinaweza kutuliza koo lililo juu yake, basi. Kinachoifikia mikunjo ni hewa tunayovuta, na ndiyo maana vumbi la kiangazi chetu, kuanzia Mei, pamoja na moshi wa makaa, huikausha. Maji ya kutosha mchana kutwa na mvuke wa maji ya moto husaidia zaidi ya dawa nyingi. Lakini kinachoumiza sauti nyingi zaidi katika mji huu ni mkesha wa maombi ambapo mtu anapaza sauti saa sita mfululizo juu ya spika zilizofunguliwa mpaka mwisho. Mikunjo inayogongana hivyo kila wiki huota vinundu pale inapokutana kwa nguvu zaidi, na sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu inastahili daktari wa masikio, pua na koo, si zoezi langu wala la mtu mwingine.

Mama yule wa Katuba alikuja kwangu baadaye, kwa shauri la mtu wa kwaya yake, na ombi lake lilinishangaza. Alitaka nimsaidie kuinenepesha sauti, kwa sababu kichwani mwake aliisikia kali na nyembamba, na kwa miaka mingi alikuwa akijaribu kuimeza ili isiwakere wengine. Lakini alichokisikia yeye si kile kilichotufikia sisi. Mtu hujisikia kwa sehemu kubwa kupitia mifupa ya kichwa chake, ambayo hubeba zaidi milio ya chini, huku milio ya juu ikitoka mdomoni na kwenda mbele, mbali na masikio yake. Mwimbaji akiinenepesha sauti mpaka imridhishe yeye, mara nyingi ameizima kwa msikilizaji. Hii ndiyo sababu hata waimbaji mashuhuri hawaachi kuwa na mwalimu: wanahitaji masikio yaliyo nje ya kichwa chao.

Sikumpa zoezi lolote siku hiyo. Tulikwenda kanisani alasiri, lilipokuwa tupu, nikaweka simu yangu kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, na nikamwomba aimbe kutoka altareni wimbo wowote anaoupenda, bila kuumeza. Aliimba beti mbili, akaniambia kwamba amehisi kama hakuimba chochote. Nilimchezea alichokiimba. Alisikiliza akiwa amesimama, akaomba arudie, kisha akaichukua simu mkononi mwangu na kutoka nayo nje kwenye ngazi, ambako wanawe walikuwa wakimsubiri.